Kibali cha Hema Huanzia Kwenye Mchoro

Kazi yangu ni kufunga mahema na majukwaa. Nilianza nikiwa kijana wa kubeba nguzo, na sasa mimi ndiye ninayekwenda manispaa kuomba kibali kabla gari halijapakiwa. Wengi wanaonipigia simu wameshakamilisha kila kitu: siku imepangwa, wageni wamealikwa, hema limelipiwa. Kibali ndicho wanachokikumbuka mwisho. Naomba wewe uanze nacho.

Kwanza jua ardhi ni ya nani. Kiwanja cha mtu binafsi, uwanja wa umma na hifadhi ya barabara hayaombwi kwa njia moja. Kwenye kiwanja cha mtu, pata barua ya mwenyewe yenye sahihi na tarehe, itaje shughuli yenyewe na siku zake. Ukigusa barabara au njia ya waenda kwa miguu, huenda kuna ofisi nyingine inayosimamia, na polisi wa usalama barabarani pia. Ukifika dirishani uliza hivi: "Zaidi ya hapa, nani mwingine lazima asaini?" Uliza pia kama hema la ukubwa wako linahitaji kibali, maana kuna manispaa zinazosamehe hema dogo la muda mfupi. Wakikuambia halihitaji, omba wakuandikie.

Sasa mchoro. Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na hapa ndipo nakuomba utumie muda wako. Si lazima uwe mchoraji. Chukua karatasi ya A4, rula na futi kamba, uende eneo lenyewe ukapime. Usikadirie kwa hatua. Mimi hutumia skeli ya 1:200, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 2 ardhini. Hema la mita 10 kwa 20 linakuwa sentimita 5 kwa 10, na nafasi inabaki ya kuonyesha mipaka, majengo ya jirani, miti, nyaya za umeme zinazopita juu, jenereta, vyoo na mahali gari la zimamoto litakapopita. Weka mshale wa kaskazini na uandike vipimo kwa tarakimu.

Kosa ninalolikuta kila mara ni kuchora turubai na kusahau kamba. Hema hilohilo la mita 10 kwa 20, kamba zake zikitoka mita 2 kila upande, linashika mita 14 kwa 24. Hizo mita za pembeni ndizo zinazoziba njia ya jirani au mlango wa dharura. Ofisa mzoefu huzitafuta kwa jicho la kwanza.

Milango ya kutokea ichore wazi, angalau miwili, isikae upande mmoja, na usiweke kitu chochote mbele yake. Mwaka 1944 huko Hartford, Marekani, hema la sarakasi lilishika moto watu wakiwa ndani. Kitambaa kilikuwa kimepakwa nta ya mafuta iliyoyeyushwa kwa petroli ili kisipitishe mvua, na baadhi ya njia za kutokea zilizibwa na vichochoro vya chuma vya kupitishia wanyama. Walikufa watu zaidi ya 160. Ndiyo maana utaombwa cheti kinachoonyesha kuwa kitambaa hakishiki moto kirahisi, pamoja na idadi ya mitungi ya kuzimia moto na mahali itakapokaa. Mwenye hema akikosa cheti hicho, tafuta hema lingine.

Upepo nao una hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma hema inaongezeka mara nne. Kwenye upepo wa kilomita 72 kwa saa, kila mita ya mraba ya pazia la ubavuni inasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 25. Pazia la mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18, kwa hiyo kama kilo 450. Pipa la lita 200 likijaa maji lina kilo 200 tu. Kwa hiyo usiandike "hema litafungwa vizuri". Andika idadi ya vigingi au uzito wa kila nguzo, kasi ya upepo ambayo mtengenezaji ameiweka kuwa mwisho, na jina la mtu atakayeamua kuwatoa watu nje kabla haijafika. Kwa jukwaa kubwa au la ghorofa, tarajia kuombwa hesabu zenye sahihi ya mhandisi.

Vigingi pia vinahitaji ruhusa ya chini. Niliwahi kupigilia kigingi cha mita moja kwenye bomba la maji, na mtaa mzima ukakauka hadi jioni. Tangu siku hiyo naomba ramani ya mabomba na nyaya za ardhini kabla ya kuamua kama natumia vigingi au uzito.

Kisha tarehe. Shughuli yetu moja ilikuwa Jumamosi, nami nikaandika Jumamosi kwenye fomu. Ijumaa asubuhi mkaguzi akatukuta tumesimamisha nguzo nne, akasoma kibali na kutuamuru tuzishushe. Alikuwa na haki. Kibali kihesabu tangu gari la kwanza linaposhusha mzigo hadi kigingi cha mwisho kinapong'olewa, na uongeze siku moja ya mvua.

Fomu iwahishe wiki kadhaa kabla, si siku kadhaa, kwa sababu faili moja linaweza kupita mipango miji, zimamoto na afya. Ambatisha bima inayolipa mtu mwingine akiumia, na nakala ya kila kitu ibaki kwako pamoja na risiti na muhuri wa siku waliyopokea. Majirani waarifu mwenyewe kwa mdomo, hasa kuhusu kelele za jenereta.

Siku ya ukaguzi uwepo, mchoro ukiwa mkononi. Hema likiwa limehamishwa hata mita 2 kukwepa mti, mwambie mkaguzi kabla hajaliona, arekebishe mchoro na kusaini.

Eneo lipige picha kabla ya kufunga na baada ya kufungua, ukisimama palepale. Mashimo ya vigingi yafukie siku hiyohiyo, maana mtoto akikimbia jioni mguu unaingia. Kisha peleka picha zote mbili ofisini, na kama uliwekeshwa amana, pamoja na risiti yake, udai fedha yako.