Jinsi ya kukagua bwawa dogo la udongo kabla hujapeleka watu kuogelea na kuvua

Mabwawa mengi ya udongo yalichimbwa kwa ajili ya ng'ombe au kumwagilia, sahivi watu wameweka boti, nyama choma, watoto wanaogelea, jambo zuri tu, ila kabla hujapeleka watu pale jua usalama wake ukoje.

Usianze na tuta, yaani ule ukuta wa udongo unaozuia maji. Shuka chini kwanza, fuata mkondo, angalia nani anaishi huko: nyumba, shule, mahema, kivuko cha watu wa sokoni. Hilo ndo linaloamua daraja la hatari, yaani kiwango cha madhara likipasuka, na wengi wanalichanganya na ubovu. Marekani wanatenganisha vitu viwili, daraja la hatari (juu, kati, chini) ambalo linauliza likipasuka watu watakufa au hasara itakuwa ya mali tu, halafu hali ya bwawa lenyewe, kwamba ni zima, la wastani, duni au halifai. Kwa hiyo bwawa zima kabisa linaweza kuwa la hatari ya juu, na watu wakijenga bondeni daraja linapanda hata kama tuta halijaguswa. Kenya, kanuni za 2007 ziliangalia ukubwa, kina chini ya mita 5 daraja A, hadi 15 B, zaidi ya hapo C, pamoja na ujazo na eneo linaloleta maji. Ukiambiwa "ni dogo hilo" bado shuka ukaangalie bondeni.

Maana udogo haukusaidia Toccoa, jimbo la Georgia, Marekani. Bwawa la Kelly Barnes lilikuwa la umeme, 1957 wakaacha, likabaki la starehe, usiku wa 6 Novemba 1977 mvua kubwa tuta likakatika na chini yake kulikuwa na chuo, wakafa watu 39. Solai huko Nakuru, 9 Mei 2018, lilikuwa bwawa la shamba, nalo lilipasuka usiku, likaua zaidi ya watu 40.

Sasa utoro wa maji, ile njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada. Hapa mabwawa ya starehe yana ugonjwa wake, wenye samaki wanatega wavu au senyenge kwenye utoro samaki wasitoroke, mvua ikija majani, matawi na chupa vinanasa pale, maji yanakosa pa kutokea yanapanda yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu linalika haraka mno. Ukikuta wavu mwambie mwenye bwawa autoe, usione aibu. Wengine wanainua utoro kwa mifuko ya mchanga boti zielee vizuri, hiyo pia hapana.

Kisha nenda kwenye kitako cha tuta upande mkavu. Unyevu kidogo siyo ajabu, mabwawa mengi ya udongo yanavuja. Cha kuangalia ni rangi: kinga yale maji kwenye chupa safi, iache itulie, kama chini kuna tope maana yake maji yanabeba udongo wa ndani ya tuta, linaliwa taratibu. Angalia pia pale bomba linapotokea, maji yakipita nje ya bomba ni habari mbaya.

Juu ya tuta tafuta nyufa ndefu, sehemu iliyobonyea, mashimo ya fuko, na miti. Nyasi fupi sawa, miti hapana, mizizi ikioza inaacha njia ya maji. Mti mkubwa usiung'oe mwenyewe, ita mhandisi.

Muulize mwenye bwawa kibali na ripoti ya ukaguzi. Kama hana au anazungusha maneno, peleka taarifa Bodi ya Maji ya Bonde kwa Tanzania, au WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji) kwa Kenya, ukiwa na picha.

Ukikuta uvujaji wa tope unaoongezeka hapo hapo, toa watu majini, usisimame juu ya tuta kupiga video, piga simu kwa watu wa bondeni wapande sehemu ya juu kabla hujamtafuta mwenye bwawa.