Jinsi ya Kuomba Jambo Lako Lijadiliwe na Baraza la Mji

Mwongozo huu ni wa mwananchi mwenye jambo la kawaida: mtaro unaofurika kila mvua ikinyesha, kizimba cha taka kilichowekwa mahali pabaya, ombi la kutumia uwanja wa mji kwa siku moja, ada mpya iliyowalemea wafanyabiashara wadogo. Mambo kama haya ndiyo yanayojaza vikao vya baraza la mji mdogo mwaka mzima, na yana njia yake. Ukiifuata, ombi lako linafika kikaoni likiwa limeiva. Usipoifuata, unaweza kuwa na haki yote na bado ukaambiwa "tumelipokea, tutalifanyia kazi", kisha kimya.

Nitangulize jambo moja ninaloliamini kabisa. Baraza hupitisha uamuzi ukumbini, lakini uamuzi wenyewe hutengenezwa kwenye karatasi zilizotangulia kikao. Diwani wa mji mdogo mara nyingi ana shughuli nyingine ya kumwingizia riziki, naye hulisoma kabrasha la kikao siku mbili tatu kabla, au usiku wa kuamkia. Kilichomo humo ndicho atakachokijadili. Kisichokuwemo, hata kikisemwa kwa uchungu namna gani, mwenyekiti atajibu kwamba hakimo kwenye ajenda, na kwa kanuni atakuwa sahihi. Kazi yako yote, basi, ni kuliingiza jambo lako kwenye kabrasha likiwa limekamilika na kwa wakati.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo ni la baraza

Maombi mengi hukwama hapa, tena bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mwombaji huandikia baraza jambo ambalo afisa mmoja angelimaliza kwa siku moja, au jambo ambalo baraza halina mamlaka nalo kabisa.

Jiulize: je, ninachoomba kinahitaji fedha ambazo hazimo kwenye bajeti, kanuni mpya, au ruhusa ya kutofuata kanuni iliyopo? Kama jibu ni ndiyo kwa mojawapo, hilo ni la kamati na baraza. Kama ni hapana, nenda kwa idara inayohusika. Gari la taka lililoacha kupita mtaani kwenu halihitaji azimio la madiwani. Linahitaji afisa wa usafi na mazingira apate taarifa kwa maandishi.

Kisha angalia kama mwenye jambo ni taasisi nyingine. Tanzania, barabara za mijini zisizo barabara kuu wala za mkoa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo ombi la tuta au kalvati lililoelekezwa halmashauri peke yake litazunguka. Lipeleke TARURA, nakala kwa diwani. Kenya, mabaraza ya manispaa ya zamani hayapo tena tangu serikali za kaunti zilipoanza 2013. Miji yenye hadhi ya manispaa husimamiwa na bodi chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na malalamiko kuhusu sheria au bajeti hupelekwa kwa bunge la kaunti. Umeme, maji na polisi karibu kila mahali vina wenyewe.

Palipo na ngazi za chini, anzia huko. Tanzania jambo hupita kwenye mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Usiziruke ngazi hizo. Ombi lenye muhtasari wa kikao cha kata nyuma yake ni zito kuliko barua ya mtu mmoja, na ukiziruka, jibu la kwanza utakalopata ni kurudishwa huko huko.

Hatua ya 2: Pata ratiba ya vikao, uhesabu kurudi nyuma

Mwulize karani wa baraza, au ofisi ya mkurugenzi, maswali haya: kikao kijacho cha kamati husika ni lini, kikao cha baraza kamili ni lini, na mwisho wa kupokea ajenda ni lini. Hilo la tatu watu huliacha, na ndilo lenye uzito.

Sheria huweka muda wa kutangaza ajenda. California, sheria ya mikutano ya wazi ya 1953, ijulikanayo kama Brown Act, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe hadharani saa 72 kabla, na kwa kawaida inakataza baraza kuamua jambo lisilokuwemo. Uingereza, mabaraza madogo ya miji na parokia hutoa taarifa siku tatu kamili kabla, bila kuhesabu siku ya kutoa taarifa wala siku ya kikao. Lakini huo ni muda wa baraza, si wako. Kabla ya ajenda kubandikwa, wataalamu lazima wawe wameandika taarifa na karani awe ameshapanga kabrasha. Tarehe yako ya mwisho iko mapema zaidi, wakati mwingine kwa wiki kadhaa.

Kumbuka pia kwamba kamati hutangulia baraza. Halmashauri za Tanzania hufanya vikao vya kawaida vya baraza kila robo mwaka, hivyo kuchelewa siku moja kunaweza kukugharimu miezi mitatu. Na kama ombi linahitaji fedha, tazama mwaka wa fedha: Tanzania na Kenya unaanza Julai 1. Ombi zuri likifika Agosti litakuta mafungu yameshagawanywa. Lipeleke wakati bajeti inaandaliwa, miezi mingi kabla ya Julai, maana hapo bado kuna nafasi ya kuwekewa kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti.

Hatua ya 3: Andika barua ya ukurasa mmoja

Sisemi ukurasa mmoja kwa sababu ya urembo. Barua ndefu hufupishwa na mtu mwingine kabla ya kufika kwa madiwani, na huyo mtu ndiye atakayeamua lipi libaki. Ifupishe mwenyewe. Mfano:

*Jina lako, anwani, namba ya simu*
*Tarehe*

*Mkurugenzi wa Mji,*
*Anwani ya ofisi*

*YAH: OMBI LA KUHAMISHA KIZIMBA CHA TAKA KILICHO MKABALA NA SHULE YA MSINGI (JINA)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi wakazi wa mtaa wa (jina) tunaomba Baraza liidhinishe kuhamishwa kwa kizimba tajwa kwenda eneo la wazi lililo upande wa pili wa barabara, ambalo ni mali ya mji.*

*Kizimba kiko hatua chache kutoka madirisha ya madarasa. Taka hukaa bila kuzolewa kwa siku kadhaa, kama picha zenye tarehe (kiambatisho A) zinavyoonyesha. Jambo hili lilijadiliwa na kuungwa mkono katika mkutano wa mtaa wa tarehe (…), muhtasari wake ni kiambatisho B. Orodha ya wakazi wanaounga mkono ni kiambatisho C.*

*Tunaomba ombi hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati inayohusika, na tujulishwe kwa maandishi tarehe ya kikao hicho.*

*Wako mtiifu, saini, jina*

*Nakala: Diwani wa kata, Mwenyekiti wa mtaa*

Ona mambo mawili kwenye barua hiyo. Kinachoombwa kimetajwa mwanzoni, kwa namna ambayo diwani anaweza kukipigia kura kama kilivyo. Na mwisho wake unadai kitu chenye tarehe. Barua inayoishia "tunaomba mtusaidie" haimlazimu mtu kufanya lolote.

Kuhusu orodha ya saini: juu ya kila ukurasa, si wa kwanza tu, andika maneno yale yale ya ombi. Pasipo hivyo, mpinzani mmoja atasimama na kusema watu walisaini wakidhani ni orodha ya mahudhurio, na hutakuwa na jibu. Weka saini za wanaoishi au kufanya kazi mahali penyewe. Thelathini za jirani zina nguvu kuliko mia tatu zilizookotwa stendi.

Hatua ya 4: Kabidhi masijala

Peleka nakala mbili masijala, ofisi inayopokea na kutunza barua. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, omba uthibitisho. Andika namba ya jalada, kwa sababu kila ufuatiliaji utakaofanya utaanzia hapo.

Hatua ya 5: Mfuate mtaalamu, kisha diwani

Hapa ndipo ombi hupona au hufa, na ndipo waombaji wengi hukaa nyumbani wakisubiri simu. Barua yako ikishapokelewa, mkuu wa idara hupewa jalada aandike taarifa kwa kamati. Taarifa hiyo huwa na maelezo ya tatizo, gharama, sheria zinazogusa, na mwisho kabisa pendekezo. Kwenye mambo ya kawaida madiwani hufuata pendekezo la mtaalamu mara nyingi sana, na si kwa uvivu. Yeye ndiye aliyekagua eneo na ndiye atakayetekeleza.

Kwa hiyo nenda ofisini kwake mapema. Usiende kushinikiza. Uliza: "Kuna taarifa gani unayoihitaji ambayo mimi ninaweza kukuletea?" Labda hajui kama eneo jipya ni mali ya mji. Labda anahofia gari la taka halitaweza kugeuza pale. Ukimpa mchoro unaoonyesha upana wa njia, umeshaondoa sababu ya kukataa kabla haijaandikwa. Kama una hoja ambayo hakubaliani nayo, bora uijue sasa kuliko kuisikia ukumbini.

Ukiombwa fedha, omba kwanza kuona ada hiyo imeandikwa wapi, na stakabadhi halali. Isiyo na stakabadhi usiitoe, hata ikiitwa nauli ya kwenda kukagua eneo.

Diwani wako mwone kabla ya kamati, ukiwa na nakala ya barua iliyogongwa mhuri. Mwombe mambo mawili tu: asome taarifa ya mtaalamu, na alitetee ombi zamu yake ikifika. Kama ana maslahi binafsi katika jambo hilo, mathalani kiwanja kinachopakana na eneo jipya, anapaswa kuyatamka na kutoshiriki uamuzi. Tafuta mjumbe mwingine, ili uamuzi usije ukapingwa baadaye.

Hatua ya 6: Siku ya kikao

Hudhuria, hata kama hutaruhusiwa kusema. Haki hii ya kuhudhuria ilipiganiwa. Uingereza kulikuwa na mabaraza yaliyojigeuza kuwa kamati ili kuwafungia waandishi wa habari nje, hadi sheria ya 1960, iliyopelekwa bungeni na Margaret Thatcher akiwa mbunge mpya, ilipobana mwanya huo. Leo vikao vya kawaida viko wazi karibu kila mahali, isipokuwa sehemu zinazohusu nidhamu ya watumishi, zabuni au kesi.

Kikao huanza kwa akidi. Wajumbe wasipotimia, hakuna uamuzi. Hufuata kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo (mambo yaliyotokana na muhtasari huo), kisha taarifa za kamati. Kuwa makini hapo: kwenye mabaraza mengi mambo yasiyo na ubishi hupitishwa yote kwa pamoja kwa kura moja, na jambo lako linaweza kupita ndani ya dakika moja bila hata kutajwa jina. Kama unataka lijadiliwe peke yake, diwani wako lazima aombe litolewe kwenye kundi hilo kabla ya kura.

Haki ya kusema hutofautiana. California mwananchi ana haki ya kuzungumza kabla ya jambo kuamuliwa. Mahali pengine wageni husikiliza tu, kwa hiyo uliza mapema kama kuna kujiandikisha. Ukipewa dakika tatu, anza na unachoomba, taja kiambatisho kimoja chenye nguvu, kaa. Usisome barua yote. Wanayo mbele yao.

Sikiliza uamuzi kwa makini na uuandike kama ulivyotamkwa. Jambo linaweza kupitishwa, kukataliwa, kuahirishwa hadi tarehe fulani, kurejeshwa kamati, au kupokelewa tu kama taarifa. Hilo la mwisho watu hulipigia makofi, kumbe hakuna lililoamuliwa.

Hatua ya 7: Fuatilia utekelezaji

Ndani ya wiki moja andika barua fupi kuomba nakala ya azimio, jina la idara itakayotekeleza, kasma itakayotumika na muda. Muhtasari wa kikao hauwi rasmi hadi uthibitishwe kikao kinachofuata, lakini azimio lenyewe huweza kutolewa mapema. Wakichelewa, tumia sheria ya kupata taarifa. Tanzania, sheria ya 2016 inaipa ofisi yenye taarifa siku 30 za kujibu. Kenya, sheria ya mwaka huo huo inatoa siku 21. Uingereza ni siku 20 za kazi. Itaje sheria hiyo kwenye barua.

Kikao kinachofuata kikikaribia, mkumbushe diwani aliulizie jambo lako kwenye yatokanayo. Swali likiulizwa hapo, mtendaji analazimika kujibu mbele ya wajumbe, na jibu linaingia kwenye muhtasari.

Kama ulihusika katika kupendekeza sheria ndogo, usitegemee ianze kesho yake. Nchini Tanzania, sheria ndogo inahitaji pia idhini ya waziri mwenye dhamana na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu muda wa kukata rufaa, hasa kwenye vibali vya ujenzi, leseni na matumizi ya ardhi, huanza kuhesabiwa mara moja na mara nyingi ni mfupi. Sababu ikiwa ni upungufu wa taarifa, jaza pengo hilo na uombe jambo lirudi kamati. Ikiwa ni fedha, omba liingizwe kwenye mapendekezo ya bajeti ijayo, upewe namba ya kumbukumbu. Ikiwa unaamini sheria ilikiukwa, kwa mfano akidi haikutimia au mwenye maslahi alipiga kura, barua inayofuata iende kwa mamlaka inayosimamia halmashauri, ikiambatana na nakala ya kila karatasi yenye mhuri uliyoitunza tangu hatua ya nne.