Jinsi ya kusoma riwaya za mahakamani bila michepuko kukuharibia utamu

Kama unapenda riwaya za mawakili basi hii unaijua, shahidi muhimu ndo kapanda kizimbani, wakili kaanza kumbana maswali, afu sura inayofuata tunapelekwa hotelini wakili anamsaliti mkewe, kurasa kibao, kesi imesimama. Inakera kweli, na inaumiza zaidi kama ulishaanza kumwamini huyo wakili.

Kwanza angalia kama huo mchepuko ni sehemu ya kesi ama umebandikwa tu. Utoe kichwani uone kama kesi bado inaeleweka. Chukua Presumed Innocent ya Scott Turow (1987), mwendesha mashtaka anashtakiwa kwa kumuua mwenzake wa kazini aliyekuwa na uhusiano naye wa siri, hapo ukitoa usaliti hakuna riwaya, maana ndo chanzo cha yeye kushukiwa. Hiyo isome tu, ila ujue unaingia wapi. Usaliti unaozaa nia ya kuua, au unaofanya shahidi aonekane mwongo, au unaompa mtu silaha ya kumtishia wakili, huo una kazi.

Penzi la wakili na mteja wake ndo lichunguze zaidi. Kule Marekani kanuni za mfano za American Bar Association (chama cha mawakili cha huko) zinamkataza wakili kulala na mteja, labda kama uhusiano ulikuwepo kabla hajachukua kesi yake. Sasa mwandishi anawalaza pamoja afu hakuna anayelalamika, upande wa pili hautumii, leseni haiguswi! Huko ni kujaza kurasa.

Kabla hujanunua soma maelezo ya nyuma ya jalada, ukikuta "ndoa inayoyumba" na "mwanamke wa ajabu" kwenye aya moja ushapata jibu. Afu pitia maoni ya wasomaji waliotoa nyota mbili au tatu, hao ndo wanasema wazi kilichowakera, wa nyota tano wanasifia tu. Riwaya zinazokaa sana kwenye chumba cha juri (wale raia wanaoamua kesi) huwa salama zaidi, maana maisha ya nyumbani kwa wakili hayapati nafasi kubwa.

Na kama ushaanza kusoma, ruka. Sio dhambi jamani. Andika pembeni jina la huyo mpenzi, nenda moja kwa moja mpaka wanaporudi mahakamani, jina likitajwa huko basi rudi usome ulichoruka, lisipotajwa endelea. Hotuba za mwisho za mawakili mara nyingi zinarudia ushahidi mkubwa kwa hiyo ni ngumu kupotea kabisa. Ila kwenye mfululizo wenye wakili yule yule kuwa makini, mchepuko wa kitabu cha kwanza unaweza kuwa talaka kwenye cha pili na ugomvi wa watoto kwenye cha tatu, kwa hiyo soma maoni ya vitabu vya mbele kabla hujanunua seti nzima.