Wanafunzi wa sheria mnaopenda sanaa, anzieni kwenye taarab

Mwanafunzi wa sheria uliyepo Unguja au Pemba na moyo wako uko kwenye muziki au filamu, usingoje kumaliza chuo. Hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na taasisi yake, COSOZA, na Bara wana sheria ya 1999 na COSOTA. Soma zote mbili kwa pamoja, kwani wimbo hauishii bandarini.

Kisha kaa na kikundi cha taarab kilicho karibu nawe. Chukua wimbo mmoja tu, uuchambue: nani aliandika shairi, nani alitia sauti (yaani aliutungia muziki wake), nani aliimba, nani alilipia studio? Kila mmoja ana haki yake, na mara nyingi hakuna hata karatasi moja iliyotiwa saini. Waandikie makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, umwombe mwalimu wako ayapitie kabla hawajasaini. Kazi hiyo inafunza kuliko muhula mzima wa nadharia, na wazee wa kikundi wanaihitaji kwelikweli.

WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wana kozi ya awali ya miliki bunifu, bure, kwa intaneti. Ifanye wakati wa likizo.

Sauti za Busara, tamasha la muziki, na ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, nazo ziandikie mapema, miezi kadhaa kabla ya tamasha, ukiomba kujitolea upande wa mikataba. Ambatanisha yale makubaliano uliyoandika, ukifuta majina ya wenyewe.