Baiskeli kwenye bonde la mto Po, Italia: mambo ya kuzingatia kabla hujaondoka

Ukisema unaenda Italia kuendesha baiskeli watu wanawaza milima na wale jamaa wa mashindano ya Giro d'Italia, wakati kuna Italia nyingine kabisa kule kaskazini, bonde la mto Po, ardhi imelala flati kuanzia Mantova mpaka Ferrara mpaka baharini Ravenna, unaendesha siku nzima na mwinuko pekee unaokutana nao ni ule wa kupanda juu ya tuta la mto. Kuna makampuni wanakupangia kila kitu, yaani wanakubukia hoteli, wanakupa baiskeli na ramani ya simu, kila asubuhi gari inabeba begi lako kulipeleka hoteli inayofuata, we unabaki na kimfuko chako na njia. Hamna mtembeza wageni, hamna kundi la kusubiriana. Napenda sana huu utaratibu na nadhani watu wetu wengi wangeupenda, ila una mambo yake na mengi yanatakiwa yamalizike ukiwa bado nyumbani.

La kwanza kabisa, neno tambarare lisikudanganye. Kwenye milima ukishapanda unashuka, miguu inapumzika, unainuka kidogo kwenye siti. Kwenye tambarare hakuna kushuka, kwahiyo pedeli hazisimami na makalio hayatoki kwenye siti, na kinachoumiza watu siku ya pili sio mapaja wala pumzi, ni kukaa. Hivyo mazoezi yako yawe ya kukaa juu ya baiskeli muda mrefu, sio ya spidi. Wiki kadhaa kabla tafuta baiskeli yoyote uendeshe masaa mawili matatu mfululizo, kesho yake urudie tena hata kama panauma, manake ile kesho yake ndio mtihani wenyewe. Nunua kaptula yenye sponji, vaa bila chupi ndani (wengi hawaambiwi hili, mshono wa chupi ndio unaochubua), na beba vaseline.

Halafu upepo na jua. Njia nyingi zinapita juu ya matuta, mfano ile inayofuata ukingo wa kulia wa Po pale mkoa wa Ferrara, inaitwa Destra Po, zaidi ya kilomita 100 kutoka Stellata hadi Gorino kule kwenye delta. Ni nzuri mno, upande mmoja mto na misitu ya mipopla, upande mwingine mashamba na minara ya makanisa, ila kivuli huko juu ni cha kutafuta, na upepo ukikupiga usoni kilomita 40 zinakuwa kama 60. Kwahiyo unapopanga usijaze kilomita, 35 mpaka 55 kwa siku zinatosha kabisa. Mtu anaona 80 ni kawaida kwasababu ni flati, anafika mji wa kihistoria jioni amechoka hata kuangalia hawezi, sasa umeenda kufanya nini?

Muda wa kwenda naona mzuri ni Aprili mpaka katikati ya Juni, au Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Julai na Agosti kule bondeni kuna joto lenye unyevu kama Dar mwezi wa pili, na mbu wapo wa kutosha, hata wale wenye michirizi wanaouma mchana kweupe, kwahiyo dawa ya kupaka ibebe kipindi chochote cha joto. Kumbuka pia Agosti 15 ni sikukuu yao kubwa, Ferragosto, mikahawa mingi ya kifamilia inafunga siku kadhaa. Kuanzia Novemba ukungu unashuka mzito, hapo baiskeli isahau.

Viza kwa sisi tunaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila usisubiri huko mwisho maana hata apointimenti yenyewe inaweza kuchelewa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, na isome vizuri kama inalipia ajali ya baiskeli, kuna bima zinaiweka kwenye michezo ya hatari. Paspoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Faida ya safari ya kupangiwa ni kwamba una barua moja inayoonyesha unalala wapi kila usiku, iprinti. Na ukifika, kila hoteli itaomba paspoti kwasababu sheria inawataka wapeleke majina ya wageni polisi, kwahiyo usiizike chini kwenye lile begi linalobebwa na gari, ikae mwilini.

Sasa baiskeli. Kampuni itakuuliza urefu, pima kweli usikisie, ikiwezekana pima na mguu kwa ndani kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, siti ikiwa chini sana goti litalalamika siku ya tatu. Kama hujiamini omba ya umeme, motor yake inasaidia mpaka kilomita 25 kwa saa halafu inaacha, na chaja ibebe wewe au uhakikishe inaenda na begi. Siku ya kukabidhiwa usisaini haraka haraka. Bonyeza breki moja moja ujue ya mbele iko mkono gani kabla hujaingia barabarani, cheki gia zote, kengele, taa mbele na nyuma, kufuli. Ulizia tyubu ya akiba, viraka, pampu, na uangalie pampu inaingiliana na valvu, kuna valvu nyembamba ambazo pampu zetu za kawaida hazishiki. Kama hujawahi kuziba pancha nenda kwa fundi wa mtaani kwako akufundishe, nusu saa tu, mlipe chochote.

Na jamani, Italia wanaendesha KULIA. Sisi tuliokulia Tanzania, Kenya na Uganda macho yetu yamezoea gari kutokea upande mwingine, na sehemu ya hatari sio barabara kubwa, ni pale unapotoka kwenye njia ya baiskeli iliyotulia asubuhi hakuna mtu, unaingia barabara ya kijiji na mwili wenyewe unajipeleka kushoto. Kwenye raundabauti ndio kabisa, wanazunguka kinyume na tulivyozoea. Mkiwa wengi nje ya mji mwende mstari mmoja, ndio sheria, na giza likiingia nje ya mji unatakiwa uvae kizibao kinachong'aa. Helmeti kwa baiskeli sio lazima kisheria ila mi nasema vaa.

Nguo usijaze. Kitu kimoja nasisitiza ni kanga, leso kwa wenzetu wa Kenya. Makanisani ukiingia na kaptula au mabega wazi unaweza kuzuiwa mlangoni, kanga inafunika miguu kwa sekunde mbili, mchana inatandikwa chini ya mti mle, na haina uzito.

Chakula ni mada kubwa, hasa kwa wasiokula nguruwe, manake hii ndio nchi ya nguruwe haswa na anajificha sehemu ambazo huwezi kudhani. Ule mkate wa Ferrara unaosokotwa wenye pembe nne, coppia, una mafuta ya nguruwe ndani, na piadina za upande wa Ravenna kwa asili hivyo hivyo. Neno la kuuliza ni strutto. Kinachookoa ni pasta za boga, Mantova wanaziita tortelli di zucca na Ferrara cappellacci di zucca, agiza za burro e salvia, siagi na majani ya seji, sio za ragù maana ile sosi ya nyama mara nyingi ina nguruwe. Ukifika Comacchio, mji mdogo karibu na bahari kati ya Ferrara na Ravenna, kuna samaki na mikunga. Lingine ni saa za kula, jiko linafunga kama saa 8 na nusu mchana mpaka saa 1 na nusu usiku, na maduka ya vijijini yanafunga mchana vile vile, kwahiyo nunua matunda na mkate asubuhi kabla hujaanza kupiga pedeli. Maji ya bomba za mitaani yanaywewa isipokuwa pameandikwa non potabile. Kwenye bili kuna coperto, euro mbili tatu kwa kila mtu, hujaibiwa, ni ya meza. Weka na keshi kidogo ya kodi ya mji inayolipwa hotelini.

Njia yenyewe, kama unachagua mwenyewe, anzia Peschiera del Garda, treni inafika, ufuate mto Mincio karibu kilomita 45 za lami tupu mpaka Mantova, ukipita Borghetto penye nyumba za vinu juu ya maji. Mantova lala usiku mbili kama uwezo upo. Ikulu ya ukoo wa Gonzaga, Palazzo Ducale, inafungwa Jumatatu, na ndani kuna kile chumba alichokichora mchoraji Mantegna akakimaliza 1474, weka nafasi mapema. Mantova mpaka Ferrara gawa siku mbili. Ferrara ni mji wa baiskeli hasa, bibi wa miaka 80 anakupita na kapu lake la mboga, na juu ya kuta za zamani unazunguka karibu kilomita 9, ila ndani ya mji mitaa mingi imetandikwa mawe ya mtoni, punguza upepo wa tairi kidogo au shuka usukume.

Kutoka Comacchio kwenda Ravenna unapita kando ya mabwawa yenye flamingo, halafu Sant'Alberto kuna kivuko kidogo cha kuvuka mto Reno, cheki ratiba yake jana yake, ukikikosa mzunguko ni mrefu. Na Ravenna, kwenye zile mosaiki za kanisa la San Vitale za karne ya 6 na jengo linaloitwa kaburi la Galla Placidia lililo jirani, pale kwa Galla Placidia wanaingiza watu kwa muda maalum, kwahiyo tiketi nunua ya asubuhi inayofuata, usinunue ya siku unayofika, manake pancha moja au mvua ya nusu saa na umeshachelewa.