Kiraka kitoe kwenye pindo la nguo yenyewe

Mie hushona mashuka ya viraka vya leso hapa Lamu, lakini watu wakishakuona na sindano basi wewe ni fundi wa kila kitu, mara nipunguzie buibui, mara kanzu imetoboka, na wengine hata bei hawaulizi. Sasa hii mbinu ya kutia kiraka kanzu iliyotoboka nimeipata juzi tu. Usikimbilie kununua kitambaa kipya cheupe, fumua pindo la chini ukate kipande hapo hapo kisha ukunje pindo jembamba zaidi, urefu haupungui. Lile pindo limefuliwa mara zile zile na kanzu yenyewe, kwa hivyo weupe wake ni ule ule uliochujuka na limeshamaliza kuruka, yaani kusinyaa kwa kufuliwa, kitambaa kipya cha pamba kikifuliwa huruka kikavuta pembeni na nguo kuukuu inachanika upya pale pale kwenye mshono. Kiraka ukiweke nyuzi zake zielekee kama za kanzu, urefu kwa urefu, upige pasi kwanza ndo ushone.

Haifai kama pindo ni la kidole kimoja, hapo hupati kitu. Nguo nyeusi iliyopigwa na jua pia wacha, ndani ya pindo bado ni nyeusi tititi na nje ishakuwa kahawia, kiraka kinaonekana toka kijiji cha Shela. Na ukiibonyeza kwa kidole gumba karibu na tundu ikaanza kuachia nyuzi, mrudishie mwenyewe, hiyo ishakuwa tambara la kupangusia.