SOMO: Kufundisha historia ya tiba kwa kutumia ndui, vipindi vitano katika masomo matano

Habari za kazi, walimu wenzangu. Kila muhula napokea ujumbe uleule: "Ule mfululizo wenu wa ndui mnaupangaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Kaeni walimu watano wiki mbili kabla: Kiswahili, Historia, Baiolojia, Hisabati na Jiografia. Mwalimu wa taaluma ajue.

2. Kila mmoja atoe kipindi kimoja, ndani ya mada iliyomo tayari kwenye azimio lake la kazi.

3. Anzeni na Kiswahili. Wanafunzi wengi hudhani ndui, ugonjwa hatari wa zamani wa malengelenge, ni tetekuwanga, kwa hiyo wakawaulize bibi na babu nyumbani. Darasani chambueni neno chanjo: limetoka kwenye kuchanja, maana ngozi ilichanjwa kweli.

4. Historia. Hapa nawaomba msome polepole, maana hapa niliharibu.

Kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni kupandikiza ndui yenyewe: usaha wa mgonjwa unaingizwa kwenye mchanjo wa ngozi ya mtu mwenye afya, augue kidogo kisha apone. Njia hiyo ilijulikana Asia na Afrika kabla ya Ulaya. Huko Boston, Amerika, Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, na mwaka 1721 daktari Zabdiel Boylston akaijaribu. La pili ni chanjo ya daktari Mwingereza Edward Jenner, Mei 1796, iliyotumia ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwingine ulio mwepesi.

Mimi niliyafundisha yote mawili kwa pumzi moja, kipindi kikaisha, kengele ikalia. Wanafunzi wakaondoka na sentensi moja: "chanjo ni kupewa ugonjwa." Siku chache baadaye wahudumu wa afya walikuja shuleni kuchanja wasichana, na baadhi ya wanangu wa darasani wakakataa, wakinitaja mimi. Nilikwenda kuongea na wazazi nyumba kwa nyumba. Bado linaniuma.

Kwa hiyo: gaweni ubao kwa mstari katikati, kupandikiza kushoto, chanjo kulia. Msifute mpaka mwanafunzi aeleze tofauti kwa maneno yake. Na msiache usiku upite kabla ya hatua ya 5.

5. Baiolojia, siku hiyohiyo: mwili unavyojenga kinga.

6. Hisabati. Mlipuko wa ndui Boston 1721: waliougua ni 5,889, waliokufa 844. Waliopandikizwa na Boylston ni kama 240, waliokufa 6. Watafute asilimia: 14.3 na 2.5.

7. Jiografia. Ramani ya msafara wa daktari Balmis wa kusambaza chanjo ya ndui, uliotoka Hispania mwaka 1803. Majokofu hayakuwepo, hivyo chanjo ilivushwa bahari kwenye ngozi ya mikono ya watoto yatima 22, ikihamishwa kutoka mtoto hadi mtoto. Malizieni Merca, Somalia, Oktoba 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Alipona.

MASWALI

chaki_tupu: Mwalimu tupia notsi zote kwa PDF.
Jibu: Hakuna PDF. Soma hatua saba.

Kidato3B: Naweza kuruka Baiolojia? Mwalimu wetu yuko likizo.
Jibu: Hapana. Soma tena hatua ya 4. Msubiri arudi ndipo mwanze.

chaki_tupu: Unakuwa mkali bure. Kwani somo la historia linadhuru nani?
Jibu: Nimeandika lilivyodhuru. Sikuandika kujaza nafasi.

mtakwimu: Zile asilimia zinalinganishika kweli? Wengi wa waliopandikizwa walijitolea wenyewe, huenda walikuwa na afya nzuri tangu awali.
Jibu: Ahsante sana, ndugu yangu. Ongeza dakika kumi kwa hilo. Hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na pia aliyepandikizwa aliweza kuwaambukiza wengine, jambo ambalo asilimia ile haionyeshi. Waache wanafunzi wabishane. Kipindi changu kizuri kuliko vyote kilitokana na ubishi huo.

Mama_Uraia: Wale yatima waliulizwa? Na yule mtoto aliyechanjwa kwanza na Jenner?
Jibu: James Phipps alikuwa na miaka minane, na baadaye Jenner alimwingizia usaha wa ndui halisi ili kupima kinga. Dada, chukua kipindi cha sita, cha Uraia: nani ana haki ya kuridhia kwa niaba ya mtoto? Nitaongeza kwenye mpango wetu.

bandarini: Wanafunzi wangu walileta hesabu ya makovu ya begani wakidhani ni ya chanjo ya ndui, hata kaka zao wanayo!
Jibu: Hayo ni ya chanjo ya kifua kikuu. Makovu ya chanjo ya ndui waulizeni wazee, maana ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980.

bandarini: Bibi yangu ana alama usoni, za ndui yenyewe. Anakumbuka walivyotengwa kwenye kibanda shambani.
Jibu: Mwombe ruhusa, umrekodi wiki hii. Muulize nani aliwapelekea chakula.